Uhai Bila Daftari

Wenye maduka wana methali yao: mali bila daftari hupotea bila habari. Maana yake ni kwamba kitu kisichoandikwa hakiibiwi kwa kelele. Huyeyuka polepole, na siku unayoamka kukitafuta humpati wa kumuuliza. Jioni hii nataka kuitoa methali hiyo dukani niipeleke kituo cha polisi, kwa sababu kituo cha polisi ni mahali penye madaftari mengi. Askari wa Kenya akitoka kwenda doria hutia sahihi daftari la silaha: bunduki namba fulani, risasi kadhaa. Akirudi, risasi huhesabiwa, na ikipungua moja ataulizwa. Dereva wa gari la polisi naye hubeba hati ya safari inayoonyesha gari limetoka wapi, linaenda wapi, nani ameliidhinisha na limekwenda kilomita ngapi. Serikali imejua siku nyingi kwamba mali yake isipoandikwa itapotea. Ninachouliza ni hiki: ile nguvu inayotumika kwa bunduki hiyo na kwa gari hilo, inayomwangukia raia mwilini, inaandikwa wapi, na nani, na nani anaisoma baadaye? Hoja yangu ni kwamba usimamizi wa polisi kutoka ndani hauwezi kusimama bila daftari la nguvu. Tukilikosa hilo, vyombo vyote tulivyoviunda kuwachunguza polisi vitaendelea kufika baada ya vumbi kutulia.

Tuanze na tulikotoka, maana sheria tuliyo nayo ilizaliwa kwa uchungu. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Taifa lilitazama hesabu hiyo likatambua kwamba sehemu kubwa ya maafa haikuletwa na panga na mishale peke yake, kwa sababu risasi nyingi zilitoka kwenye bunduki zinazolipiwa kwa kodi. Mwaka 2009 jopo la Jaji mstaafu Philip Ransley likapendekeza mageuzi. Katiba ya 2010 ikafuata, na Kifungu cha 244 kikaiagiza Huduma ya Kitaifa ya Polisi iwe na nidhamu ya hali ya juu na iheshimu haki za binadamu. Mwaka 2011 Bunge likapitisha sheria mbili za kutimiza maneno hayo. Moja iliunda Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, ile tunayoiita IPOA. Nyingine, Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, ikaunda ndani ya polisi wenyewe Kitengo cha Masuala ya Ndani. Kwa hiyo tulipewa macho mawili, moja la nje na moja la ndani, na watunga sheria walikusudia yote mawili yaone.

Jicho la nje tunalijua zaidi kwa sababu ndilo linalotajwa kwenye taarifa za habari. Jicho la ndani halijulikani sana, ingawa sheria imelipa kazi nzito. Kitengo cha Masuala ya Ndani kinapokea na kuchunguza malalamiko dhidi ya askari, kinatakiwa kuwa na ofisi zake mbali na polisi wengine, na kinawajibika moja kwa moja kwa Inspekta Jenerali. Kisha iko sehemu ya sheria hiyo hiyo ambayo ningependa kila Mkenya aijue kama anavyojua namba yake ya kitambulisho, nayo ni Jedwali la Sita. Jedwali hilo linasema askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na akitumia nguvu ilingane na hatari iliyo mbele yake. Linasema amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu isiyo halali. Linasema askari aliyevaa sare awe na jina au namba yake mahali panapoonekana. Na linasema nguvu ikisababisha kifo au jeraha baya, askari amwarifu mkubwa wake mara moja, na mkubwa huyo aiarifu IPOA mara moja. Angalia wajibu umeanzia wapi. Mtu wa kwanza kuandika ni askari mwenyewe, na wa pili ni bosi wake. Wachunguzi wa nje hupokea kile ambacho hao wawili wameandika. Mto wote unategemea chemchemi hiyo, na ikichafuka hapo, huko chini kila mtu atakunywa tope.

Tumeona chemchemi ikichafuka. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni, akasafirishwa kwa gari hadi Nairobi, na kabla siku mbili hazijaisha alikuwa maiti. Habari ya kwanza iliyotoka kwa polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani akiwa selo. Upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ambayo mtu hawezi kujifanyia mwenyewe. IPOA ikawaeleza maseneta kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa, na Inspekta Jenerali akasimama mbele ya Seneti akaiondoa taarifa ya awali na kuomba radhi. Kuna watu walioshtakiwa na mahakama itaamua hatia ni ya nani, kwa hiyo sitawatangulia majaji. Lakini kuhusu mfumo tunaweza kusema bila kungoja hukumu: taarifa ya saa za kwanza ilikuwa na uongo, na uongo huo ulipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi ukafika juu kabisa bila mtu wa ndani kuusimamisha. Inspekta Jenerali alisema alichoandikiwa. Kama mkuu wa polisi wote anaweza kulishwa habari ya uongo na walio chini yake, basi usimamizi wa ndani unamfaa yeye kwanza kabla haujatufaa sisi.

Turudi nyuma kidogo, Juni 2016. Wakili Willie Kimani alikuwa anamtetea mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na askari mwaka mmoja kabla aliposimamishwa barabarani, akathubutu kupeleka malalamiko. Walipotoka mahakamani Mavoko, wakili, mteja wake na dereva wao wa teksi walitekwa na kufungiwa katika kambi ya polisi wa utawala huko Syokimau. Baadaye miili yao ilitolewa mtoni. Katika kambi ile hakuna kitabu cha matukio kilichosema kwamba watu watatu wako ndani. Kilichozungumza ni kipande cha karatasi laini, ambacho wakili alikiandika na kukirusha nje akiomba atakayekiokota ampigie mkewe simu. Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 askari watatu na mpasha habari wao walipatikana na hatia ya mauaji, na Februari 2023 mmoja akahukumiwa kifo, wengine vifungo virefu. Haki ilipatikana, na waendesha mashtaka walioifuatilia wanastahili heshima. Lakini lile shina la mkasa lilikuwa risasi moja iliyofyatuliwa kando ya barabara mwaka 2015, ambayo haikumuua mtu. Kama tukio hilo dogo lingeandikwa, likapitiwa na wakubwa, na askari mhusika akaondolewa barabarani wakati malalamiko yanachunguzwa, hakuna ambaye angekuwa na nafasi ya kumwandama mlalamishi kwa sare na pingu za serikali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu tuliujenga kwa makaburi matatu.

Hapo nimegusa barabara, na nataka tubaki barabarani kwa muda, kwa sababu mjadala wetu kuhusu nguvu ya polisi hutazama bunduki na rungu ukalisahau gari. Gari la polisi ni chombo cha nguvu. Lina uzito wa tani mbili na zaidi, linaruhusiwa kupita ambapo wengine wanasimama, linaweza kumfukuza mtu, kumzuia, kumbeba hadi asikojulikana. Na ndani ya gari jingine lolote, raia anaweza kugeuka shabaha. Oktoba 2022, usiku, katika kaunti ya Kajiado, polisi walilimiminia risasi gari lililopita kizuizi cha barabarani. Mmoja wa waliokuwa ndani alikuwa Arshad Sharif, mwandishi wa habari wa Pakistan, naye aliuawa. Maelezo ya polisi yalikuwa kwamba walidhani ni gari lililoibwa Nairobi, kumbe gari walilokuwa wakilitafuta lilikuwa la aina nyingine kabisa. Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado iliamua kwamba mauaji yale yalikuwa kinyume cha sheria, ikaiamuru serikali ilipe familia shilingi milioni 10. Fidia ni haki ya familia. Lakini mahakama haiandiki kanuni za kizuizi cha barabarani. Hiyo ni kazi ya polisi wenyewe, na maswali yake ni ya kila siku: nani aliidhinisha kizuizi kile, tangazo la gari lililoibwa lilisomwaje redioni, na askari wamefundishwa nini kuhusu kufyatulia risasi gari linalokwenda ambalo halimtishii mtu yeyote?

Swali hilo la mwisho lina jibu lililojaribiwa mahali pengine. Mwaka 1971, polisi wa Jiji la New York waliwapiga risasi watu 314, na 93 kati yao walikufa. Mwaka uliofuata, idara hiyo ilifanya mambo mawili ambayo hayakuhitaji sheria mpya wala mitambo ya ajabu. Kwanza, iliweka kanuni kali kuliko sheria ya jimbo kuhusu wakati wa kufyatua, na mojawapo ikakataza kulifyatulia gari linalokwenda ikiwa silaha pekee iliyomo ni gari lenyewe. Pili, iliagiza ripoti ya kila risasi iliyofyatuliwa, iwe imempata mtu au imekwenda hewani, ipitiwe na bodi ya ndani ya maofisa wakubwa. James Fyfe, ofisa wa polisi wa jiji hilo aliyegeuka mtafiti, alichambua ripoti za miaka ya kabla na baada, akachapisha matokeo mwaka 1979. Ufyatuaji ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 30. Katika karne hii watu wanaouawa na polisi wa jiji hilo kwa mwaka wamekuwa chini ya 20. Sisemi daftari peke yake ndilo lililoleta yote hayo kwa miaka 50, kwa kuwa uhalifu nao ulishuka baadaye. Lakini upungufu alioupima Fyfe ulitokea katika miaka michache ya mwanzo, muda mrefu kabla ya kushuka huko kwa uhalifu. Kilichobadilika wakati huo ni kwamba kila askari alijua risasi yake itasomwa.

Uingereza nayo imefika mbali zaidi katika kuandika. Tangu mwaka 2017 vikosi vya polisi vya Uingereza na Wales vinatakiwa kurekodi matumizi ya nguvu hata yale tunayoyaona madogo, kama kumfunga mtu pingu. Na kwa takriban miaka 20 chombo huru cha kusimamia polisi kimekuwa kikichapisha kila mwaka hesabu ya watu waliokufa wakati wa kukutana na polisi au baada yake. Katika hesabu hiyo waliokufa kwa magari, kwa sababu polisi walikuwa wakiwafukuza au wakikimbilia dharura, wana safu yao kando ya waliopigwa risasi na waliofia selo. Nchi ambayo askari wake wengi hawabebi bunduki ilitambua kwamba gari laweza kuwaua raia wengi kuliko bastola, na ikaamua kulihesabu. Sisi hapa, mwaka 2024, tuliambiwa na muungano wa mashirika ya kiraia wa Missing Voices kwamba watu 104 waliuawa na polisi na 55 walitoweshwa. Kuhusu maandamano ya mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu angalau watu 60 waliopoteza maisha. Waliohesabu ni wanaharakati na makamishna waliozunguka mochari na hospitali. Mwenye bunduki, mwenye gari na mwenye daftari ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kutupa hesabu hiyo, hata kama ingetofautiana na yao.

Sasa najua baadhi yenu mnatikisa vichwa, na pingamizi la kwanza nalisikia hata kabla halijatamkwa: kesi ya ngedere unampelekea nyani awe hakimu? Utawaaminije polisi wajichunguze? Pingamizi hili lina uzito, na kisa cha Ojwang kinalipa uzito zaidi. Lakini tazama linatupeleka wapi. IPOA imepokea malalamiko zaidi ya 20,000 tangu ianze kazi mwaka 2012, na hukumu zilizopatikana mahakamani zimebaki katika makumi. Ya kwanza ilitoka pwani. Agosti 2014 msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi nyumbani kwao Kinango, Kwale, na polisi wakasema alikuwa amewashambulia kwa panga. Wachunguzi wa IPOA walilikataa simulizi hilo, na Februari 2016 askari wawili wakafungwa miaka saba kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Ule ulikuwa ushindi wa kweli. Lakini chombo cha nje hakina askari katika kila kituo cha nchi hii. Hufika kesho yake au wiki ijayo, na hutegemea kwamba maganda ya risasi hayajaokotwa, kamera haijafutwa na gari halijapelekwa gereji. Anayeweza kulinda eneo la tukio saa ile ile ni askari mwingine. Kwa hiyo sisemi polisi wawe mahakimu wa kesi yao. Nasema waandike, wahifadhi, na walichoandika kikaguliwe na wengine. Sheria yetu tayari imeipa IPOA uwezo wa kukagua uchunguzi wa ndani na kuuchukua unapocheleweshwa au kuharibiwa. Mwanafunzi huandika mtihani wake mwenyewe, na wa kusahihisha ni mtu mwingine.

Na tusidhani hakuna aliye tayari kuandika kweli. Julai 2022 raia wawili wa India na dereva wao Mkenya walitoweka Nairobi. Oktoba mwaka huo kikosi maalumu cha upelelezi kilichoshukiwa kilivunjwa, na waliokuwa mstari wa mbele kukusanya ushahidi dhidi ya askari wenzao na kuwafikisha mahakamani walikuwa wapelelezi wa Kitengo cha Masuala ya Ndani. Kesi hiyo ina njia yake mahakamani. Ninachokitoa hapo ni kwamba jicho la ndani likiachwa lione, huona. Kasoro yake ni kwamba kiongozi wa kitengo anamjibu Inspekta Jenerali, na siku ambayo upepo wa kisiasa unavuma upande mwingine, hakuna ngao ya kutosha. Hiyo ni sababu ya kukiimarisha, kwa kukipa bajeti yake na kuwakinga maofisa wake na uhamisho wa kuwaadhibu. Haiwezi kuwa sababu ya kukitupa.

Pingamizi la pili hutoka kwa askari wenyewe, nami nalisikiliza kwa heshima, kwa sababu ni wao wanaoingia vichochoroni usiku. Wanasema: mkitujaza makaratasi tutasitasita, na anayesitasita mbele ya jambazi huzikwa. Woga huo unaeleweka. Lakini Fyfe aliupima pia, na akakuta kwamba baada ya kanuni za 1972 askari wa New York waliouawa na waliojeruhiwa walipungua. Sababu yake si ngumu kuiona. Askari anayejua atatakiwa kueleza, hujifunza kujikinga, kuita wenzake na kupunguza kasi, na mambo hayo humlinda yeye kama yanavyomlinda raia. Isitoshe, ripoti huandikwa baada ya tukio. Hakuna anayeombwa kujaza fomu huku risasi zikilia. Daktari wa upasuaji huandika alichofanya chumbani, rubani huandika alichokiona angani, na hakuna anayedai kwamba kalamu yao inawaua wagonjwa na abiria. Askari mwema ndiye anayehitaji daftari zaidi ya wote. Bila maandishi, yeye aliyefyatua kumwokoa mtoto na mwenzake aliyefyatua kwa hasira hutoka kazini wakiwa na sifa moja machoni pa umma, na kelele za mtandaoni haziwatenganishi.

Pingamizi la tatu linahusu magari, na huenda ndilo linalokubalika kwa urahisi zaidi: ajali ni ajali. Mwaka 2024 zaidi ya watu 4,700 walikufa katika barabara za Kenya, katika ajali za matatu, malori, bodaboda na magari ya watu binafsi. Kwa nini gari la polisi lifunguliwe daftari maalumu? Kwa sababu mwenye matatu akimgonga mtu, sheria humtaka asimame na kuripoti kituoni, na kituoni humkuta polisi. Askari akimgonga mtu huripoti kwa mwenzake wa kituo kile kile, mwenzake ndiye hupima alama za breki, mwenzake ndiye hutoa nakala ya ripoti ambayo familia itaibeba kwenda kudai bima. Pale mzani umeinama kabla kitu hakijawekwa. Pia gari la polisi linapoendeshwa kwa kasi ya kumfukuza mshukiwa katikati ya soko, kuna mtu aliyeamua kumfukuza, na uamuzi huo ni sawa na uamuzi wa kufyatua: kosa la anayefukuzwa ni zito kiasi gani, na je, linastahili hatari kwa mama anayeuza mboga kando ya barabara? Sheria ya IPOA imezungumzia kifo au jeraha baya ambalo huenda limetokana na kitendo cha polisi, bila kutaja bunduki kama sharti. Kwangu mimi maneno hayo yanalibeba gari. Tatizo ni kwamba mkuu wa kituo huiandika ajali ya gari katika kitabu cha trafiki, na ikishaitwa ajali ya kawaida, simu ya kuiarifu IPOA haipigwi.

Wako pia wanaosema polisi wetu wana shida kubwa kuliko hizi: nyumba mbovu, saa ndefu za kazi, magari yenye tairi zilizoisha, mafuta yanayokatika katikati ya mwezi. Sibishani na hilo hata neno moja. Lakini shida hizo hazitatatuliwa kwa kulalamika kantini. Tukiwa na daftari linaloonyesha kwamba madereva waliogonga watu walikuwa kazini tangu alfajiri, au kwamba gari liliripotiwa lina breki mbovu na likaendelea kutumwa, Bunge litakuwa na kitu cha kusoma wakati wa bajeti, na dereva hatabebeshwa peke yake mzigo wa aliyemtuma. Sasa hivi gari la serikali likiharibika, dereva anaweza kudaiwa gharama. Mfumo unaojua kumdai askari bei ya taa iliyovunjika haukosi uwezo wa kumuuliza mkubwa wake kuhusu mguu wa mtoto uliovunjika. Umekosa tu mahali pa kuliandika swali hilo.

Kwa hiyo tufanye nini? Sijaja na orodha ndefu, kwa kuwa karibu kila ninachokitaka tayari kina mzizi katika sheria. Daftari la silaha na hati ya safari viunganishwe na ripoti ya nguvu: risasi ikipungua, ripoti iwepo kabla zamu haijafungwa; gari likimgusa mtu, au likifukuza, iwe hivyo hivyo. Ripoti iende kwa mkuu wa kituo na nakala yake iende papo hapo Kitengo cha Masuala ya Ndani, ili mtu mmoja asiweze kuibadilisha usiku. Ajali ya gari la polisi yenye kifo au jeraha baya ichunguzwe na askari wa eneo jingine, na IPOA iarifiwe kama inavyoarifiwa kwa risasi. Ripoti zisomwe kwa pamoja kutafuta mwenendo: kituo gani kinarudia, kamanda gani, kizuizi gani. Katika kifo cha mtoto wa miezi sita aliyepigwa Kisumu wakati wa vurugu za uchaguzi wa 2017, mahakama ya uchunguzi wa kifo ilifikia hatua ya kuwanyoshea kidole makamanda mwaka 2019, na mwendo huo wa kupanda ngazi ndio tunaoutaka ndani ya polisi bila kungoja jeneza. Hesabu ichapishwe kila mwaka, ikiwa na safu ya magari. Na ile sheria ya wachunguzi wa vifo ambayo Bunge lilipitisha mwaka 2017, ikabaki kwenye makaratasi mwaka baada ya mwaka, ipewe watu na fedha, ili sababu ya kifo isemwe na mtu ambaye hana sare ya kulinda.

Msikilizaji, tangu mwanzo nimezungumza kuhusu madaftari, na huenda kuna mzazi anayenisikiliza ambaye mtoto wake hakurudi, akajiuliza daftari litamrudishia nini. Halitamrudishia mwanawe, na sitamdanganya. Lakini mzazi huyo anajua kitu ambacho sisi wengine hatukijui: uchungu wa kwenda kituoni asubuhi, ukamtaja mtoto kwa jina, na askari wa zamu akafungua kitabu, akapitisha kidole ukurasa mzima, akakwambia hayumo. Bunduki iliyotoka usiku ule imo. Risasi zimo, zimehesabiwa. Gari limo, pamoja na kilomita zake na lita za mafuta. Mtoto ndiye hayumo. Siku tutakapofungua kitabu hicho tukamkuta naye ameandikwa, saa aliyokamatwa, nguvu iliyotumika, jina la aliyeitumia na sahihi ya aliyeikagua, hapo ndipo tutakapoweza kusema polisi hawa ni wetu.